Namna ya Kuhesabu na Kueleza Asili za Wakazi wa Mtaa: Mfano wa Mji wa Kale, Mombasa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kueleza, kwa tarakimu na kwa maneno, wakazi wa mtaa mmoja wa Mombasa ni watu wa asili gani. Huenda yeye ni mwanafunzi aliyepewa kazi ya utafiti, au mwanakamati anayeandaa maombi ya mradi wa mtaa, au mzaliwa wa mahali anayetaka kuwaachia wajukuu wake kumbukumbu ya kuaminika. Nimeuchagua Mji wa Kale kuwa mfano kwa sababu ni mji mdogo ndani ya mji mkubwa: ukitoka Ngomeni (Fort Jesus) kwa miguu utaupita wote kabla kahawa ya saa kumi haijakwisha barazani, lakini ndani ya mwendo huo mfupi utakuwa umepita milango ya watu ambao babu zao walitoka pande nyingi za Bahari ya Hindi na za bara. Hatua nitakazoeleza zinafaa vilevile kwa Majengo, Likoni, Chaani au Kongowea, mradi ubadilishe majina na mifano.

Soma kwanza kilichokwisha kuhesabiwa

Kabla ya kubisha mlango wowote, tafuta matokeo ya sensa. Kenya ilifanya sensa mwaka 1948, kisha 1962 na 1969, na tangu hapo imefanya moja kila baada ya miaka 10, ya karibuni ikiwa ile ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019. Matokeo yake huchapishwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, ambalo wengi hulitaja kwa kifupi chake, KNBS, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Humo utakuta kwamba Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na kwamba kaunti ndogo ya Mvita, ambamo Mji wa Kale umo, ilikuwa na watu 154,171, yaani kama asilimia 13 ya kaunti nzima. Ziandike tarakimu hizo katika ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kwa kuwa hesabu yoyote utakayoifanya mtaani itabidi ilingane na ukubwa huo.

Jedwali la makabila ni jambo jingine. Lile lililomo katika ripoti kuu ya mwaka 2019 linahusu nchi nzima na halishuki hadi kwenye kaunti, seuze mtaa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba sensa imesema Mombasa ina asilimia kadha wa kadha ya kabila fulani, mwombe akuonyeshe ukurasa. Mara nyingi utagundua kwamba amelichukua kadirio la mtu mwingine, ambaye naye alilichukua kwa mwingine.

Hata jedwali hilo la nchi nzima halifai kusomwa kwa haraka, na mstari wa Waswahili ndio ushahidi mzuri kuliko yote. Mwaka 2009 Waswahili walihesabiwa 110,614, na mwaka 2019 wakahesabiwa 56,074, ilhali idadi ya wakazi wote wa Kenya ilipanda kutoka 38,610,097 hadi 47,564,296. Nimewahi kukaa barazani mtu akazisoma tarakimu hizo mbili kwa sauti ya tanzia, na waliokuwapo wakatikisa vichwa kwamba Waswahili wanakwisha. Sababu ilikuwa katika mpangilio wa jedwali. Mwaka 2009 Wabajuni waliwekwa ndani ya fungu la Waswahili, pamoja na Waamu, Wapate, Wavumba, Wamvita na wengineo, lakini mwaka 2019 Wabajuni waliandikwa katika mstari wao wenyewe. Ukiijumlisha mistari hiyo miwili, msiba wote unaondoka. Wakati huohuo Wakenya wenye asili ya Kiarabu walipanda kutoka 40,760 hadi 59,021, ongezeko la karibu asilimia 45 katika nchi ambayo kwa jumla iliongezeka kwa asilimia 23. Ni vigumu kuamini kwamba uzazi peke yake ulileta tofauti kama hiyo, na mtu anayeijua Mombasa atazikumbuka nyumba ambamo ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, hujibu swali la kabila kwa majibu mawili tofauti.

Hilo ndilo la kushika kabla ya mengine yote, kwamba hesabu ya asili za watu hutokana kwanza na namna swali lilivyoulizwa na majibu yalivyopangwa, kisha ndipo hutokana na watu wenyewe. Hatua zinazofuata zote zimejengwa juu ya jambo hilo.

Ligawe swali la kabila

Neno "kabila" halina maana moja katika vinywa vya watu wa Mombasa. Karani aliyelelewa bara hulitumia kwa maana ya Mkamba, Mluo, Mtaita. Mzee wa Kibokoni akiulizwa neno hilohilo aweza kukutajia ukoo, akasema yeye ni Mazrui, Mandhry au Basheikh, na kwake yeye amekujibu barabara. Mwingine atakutajia taifa lake miongoni mwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, ambayo yamegawika katika Tisa Taifa (Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wapaza, Wabajuni na Wakatwa) na Thelatha Taifa (Wakilindini, Wachangamwe na Watangana). Ukiwa na nafasi moja tu ya kuandika, watu hawa watatu watajaza vitu vitatu visivyolingana, nawe utavijumlisha kana kwamba ni kitu kimoja.

Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe. Mara ya kwanza nilipojaribu kazi hii nilitumia hojaji yenye visanduku vya kutia alama: Mwafrika, Mwarabu, Mhindi, Mzungu, na mwisho "Wengineo". Jioni nilipokaa kuhesabu, safu ya "Wengineo" ilikuwa ndefu kuliko zote, na pembeni mwa karatasi nilikuta maelezo niliyoyaandika mbiombio kwa sababu wenye nyumba walikataa kuingia katika visanduku vyangu. Niliitupa kazi ya siku nne. Maelezo yale ya pembeni, hata hivyo, niliyaweka, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa na habari.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza maswali manne, na kila moja nikaliachia nafasi yake. La kwanza ni jinsi mtu anavyojiita mwenyewe, na jibu lake huandikwa kwa maneno yake, bila kumsahihisha wala kumtajia mifano. La pili ni asili ya upande wa baba na ya upande wa mama, kila upande mbali, kwa sababu desturi ya pwani ya kumhesabu mtoto kwa baba huuficha upande wa mama, na mtaa uliooana kwa karne nyingi hauwezi kueleweka kwa upande mmoja. La tatu ni lugha inayosemwa jikoni na kwa watoto. Si lugha anazozijua mtu, ambazo Mombasa ni nyingi mno, bali ile anayomgombezea mtoto. La nne ni mahali alipozaliwa na mwaka ambao kaya hiyo iliingia mtaani, ambalo laonekana dogo lakini ndilo litakalokusaidia kutofautisha mwenyeji wa vizazi sita na mpangaji wa miezi sita.

Uraia na dini ni mambo ya pembeni, na nashauri usiyaulize kama huna haja nayo. Ukiwa na haja nayo, yaulize peke yake. Mombasa ina mazoea mabaya ya kuichukua dini kuwa kabila, kana kwamba kila Mwislamu ni Mswahili na kila Mkristo ni mtu wa bara, ilhali kuna Wagiriama Waislamu, Wagiriama Wakristo, na Wagiriama wanaofuata mila za wazee wao, na wote ni Wagiriama.

Na rangi je? Kwa maoni yangu, usimwainishe mtu kwa kumtazama. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu wa pwani kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo uligusa kodi, mahakama na haki ya kupiga kura. Ndiyo maana kuna familia ambazo babu aliandikwa kwa jina moja na baba kwa jina jingine, bila mtu yeyote katika nyumba hiyo kubadilika sura. Ukikutana na hati za zamani zenye maneno hayo, zinukuu kama zilivyo na uandike mwaka wake. Usizitumie kumwambia mjukuu yeye ni nani.

Yajue majina kabla hujayasikia

Msaili asiyeyajua majina ya jamaa za pwani atayaandika vibaya au, lililo baya zaidi, ataonyesha mshangao. Tenga juma zima la kujifunza. Uliza wazee, zunguka misikiti na mahekalu, na soma vibao vya maduka na majina ya vichochoro.

Ukiacha Thenashara Taifa, utakutana na Wamijikenda, ambao ni jamaa tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Wakauma, Waribe na Wajibana. Mtu wa Likoni akikuambia yeye ni Mdigo, andika "Mdigo", usiandike "Mmijikenda" kwa haraka ya kufupisha. Kufupisha utafanya baadaye. Utakutana na Waarabu, na hapo pia usitosheke na neno moja, kwa kuwa Waomani waliofuata kutekwa kwa Ngome mwaka 1698 wana historia yao na Wahadhrami, watu wa Hadhramaut katika Yemen, wana yao. Wabaluchi walikuja wakiwa askari wa watawala wa Oman, na kizazi chao kipo hadi leo, hasa upande wa Makadara. Wangazija, yaani watu wa Komoro, na Wabarawa, yaani watu wa mji wa Barawa katika Somalia, ni rahisi kupotea katika hesabu, kwani wengi wao husema Kiswahili kitupu na msaili asiye makini huwaandika Waswahili bila kuuliza. Mbarawa mzee, lakini, aweza kukusemesha Chimini, lugha ya Barawa, ukimwomba.

Neno "Mhindi" nalo ni kapu kubwa. Ndani yake mna Mabohora, Makhoja wa Ismailia na wa Ithnaashariya, Wamemoni, Wabadala wenye asili ya ubaharia wa Kachchi, Wahindu wa jamii mbalimbali, Masingasinga na Wagoa Wakatoliki. Baadhi ya majina hayo ni ya madhehebu na baadhi ni ya nasaba au ya mahali, na hayalingani. Ndiyo maana nasisitiza uandike jibu kama lilivyotolewa. Kumbuka pia kwamba serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 mnamo Julai 2017, miezi michache baada ya Wamakonde kutambuliwa kuwa la 43, na kwamba Wapemba waliokaa pwani kwa vizazi walitambuliwa mwaka 2023. Mpemba aliyejibu "Mbajuni" au "Mdigo" zamani kwa kuogopa kuulizwa hati, leo aweza kukujibu "Mpemba", na tarakimu zako zitaonyesha ongezeko ambalo kwa kweli ni la ujasiri wa kujitaja.

Watu wa bara wasiwe fungu moja. Wakamba, Wataita, Waluo, Waluhya, Wakikuyu na wengineo walivutwa Mombasa na reli, bandari na viwanda, na wapo ambao wamezaliwa hapa, wamezika wazazi wao hapa, na hawajalala hata usiku mmoja katika kijiji wanachosemekana kutoka. Ukienda Kisauni utakuta pia wajukuu wa watumwa walioachwa huru na kupewa makao Frere Town tangu miaka ya 1870, na swali la asili kwao lataka adabu ya pekee, kwa sababu jibu la kweli mara nyingi ni kwamba njia ya kurudi nyuma ilikatwa kwa nguvu.

Kuna majina ya kuepuka. "Wanyika" lilikuwa jina la kudharau, na Wamijikenda wenyewe waliliweka kando na kushika jina la Mijikenda miaka ya 1940. "Mshihiri" hutumiwa na baadhi ya Wahadhrami kwa fahari na huchukiwa na wengine. Kanuni yangu ni kutolitamka jina lolote la namna hiyo mpaka mwenyewe alitamke kwanza.

Mlangoni

Usianze bila kujitambulisha kwa chifu au naibu wake na kwa wazee wa mtaa. Mtafiti wa chuo atahitaji pia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti. Kwa kazi ya kamati ya mtaa, barua moja iliyotiwa sahihi na kusomwa misikitini, kanisani na barazani juma moja kabla itakufungulia milango mingi kuliko kitambulisho kilichoning'inizwa shingoni.

Amua mapema kaya ni nini, kwa sababu nyumba si kaya. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi na vyumba sita yaweza kuwa na kaya sita, na nyumba ya orofa tatu yaweza kuwa ya mama mmoja na wanawe walioolea humohumo. Kipimo kinachofaa ni chungu: wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja ni kaya moja, na ndivyo inavyofanya hata sensa. Amua vilevile nani anahesabiwa. Sensa ya Kenya humhesabu aliyelala mahali usiku wa sensa. Wewe, ambaye kazi yako yachukua majuma kadhaa, ni bora umhesabu mkazi wa kawaida. Usishangae ukimkosa kijana katika kila kaya ya tatu, kwa kuwa wengi wako Saudia, Dubai au Qatar wakitafuta riziki. Hao wape safu yao, nje ya jumla.

Kama huwezi kuzimaliza kaya zote, chagua kwa hatua: chora ramani ya vichochoro, ipe kila kaya nambari, chukua nambari ya kwanza kwa bahati nasibu, kisha ruka kwa hatua sawa, tuseme kila ya nne. Baada ya hapo usibadilishe. Ukiukuta mlango umefungwa, rudi saa nyingine, na urudi tena, hata mara tatu. Wengi hupuuza jambo hili, nalo ndilo linaloharibu hesabu kuliko jingine lolote: mlango unaofungwa mchana ni wa mtu aliyeko bandarini, dukani au kwenye matatu, mara nyingi mpangaji kutoka bara, na ukimruka ukaenda kwa jirani aliyekaa barazani, mtaa wako utaonekana una wenyeji wengi kuliko ilivyo. Mimi hupendelea kwenda kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu alasiri, na kwa wale wa milango iliyofungwa hurudi baada ya Isha. Ijumaa mchana acha. Mwezi wa Ramadhani acha kabisa, maana watu wamechoka mchana na wana shughuli usiku.

Nendeni wawili, mwanamke na mwanamume. Mchana wenye nyumba waliopo ni akina mama, na wengi wao hawatakaa kuzungumza na mwanamume wasiyemjua. Bisheni hodi, mngoje "karibu", mwamkieni mkubwa kwa "shikamoo", na mkiletewa maji mnywe. Swali la asili lisiwe la kwanza. Anzeni na idadi ya watu na mwaka wa kuhamia.

Mfano mmoja utaonyesha kwa nini nafasi nne ni bora kuliko moja. Mwenzangu alimuuliza bi mmoja wa mtaa wa Kuze kabila lake. Bi akamtazama, akatabasamu. "Wataka la babangu ama la mamangu?" Mwenzangu akamwambia anataka yote mawili. "Babangu Mhadhrami, na yeye mamake Mbajuni. Mamangu ni Mtangana. Mume wangu Mdigo wa Likoni. Watoto hawa, mwanangu, waandike wewe utakavyo." Mwenzangu akamjibu kwa upole, "La, bi, niambie wewe wao hujiitaje." Akanyamaza kidogo, kisha akamwita binti yake wa miaka kumi na sita kutoka jikoni ajijibie. Binti akasema, "Mimi mtu wa Mombasa." Tuliandika hivyo hivyo, na katika safu za pembeni tukaandika Mhadhrami, Mbajuni, Mtangana na Mdigo. Kwa hojaji yangu ya kwanza, ile ya visanduku, nyumba hiyo yote ingekuwa mstari mmoja wa "Waarabu" au wa "Wengineo", kutegemea nani alikuja kufungua mlango.

Kuyapanga majibu

Rudi nyumbani uyanakili majibu yote kama yalivyo katika safu moja ya daftari au ya kompyuta, na safu hiyo usiiguse tena. Kando yake weka safu ya pili ya mafungu, ambayo ndiyo utakayoipanga na kuipangua. Ukiamua Wabajuni wawe ndani ya Waswahili, andika chini ya jedwali kwamba umefanya hivyo na kwa nini. Ukiamua wawe peke yao, andika pia. Atakayerudia kazi yako baada ya miaka kumi ataweza kulinganisha, jambo ambalo msomaji wa jedwali la 2009 na la 2019 hulipata kwa taabu.

Watu wenye asili zaidi ya moja usiwakate vipande. Toa majedwali mawili. La kwanza liwe la jinsi watu wanavyojiita, ambalo jumla yake ni asilimia 100. La pili liwe la asili zote zilizotajwa, ambamo mtu mmoja huhesabiwa katika kila asili aliyoitaja, na jumla yake itapita 100. Liseme hilo katika kichwa cha jedwali, la sivyo utaletewa malalamiko kwamba hujui hesabu. Katika mtaa kama Mji wa Kale jedwali hili la pili ndilo lenye utamu, kwa sababu laonyesha ni asili zipi zimeoana na zipi zimekaa mbali.

Asilimia zenye nukta ziachie nchi. Ukiwa na watu 300, mtu mmoja ni theluthi ya asilimia, na kuandika "asilimia 12.37" ni kujidai una usahihi ambao huna. Andika 12. Katika jedwali la taifa nukta ina kazi yake: Wamijikenda 2,488,691 kati ya watu 47,564,296 ni asilimia 5.2, na Waswahili, hao 56,074, ni takriban asilimia 0.12. Tarakimu hizo za taifa zitaje mara moja kwa ajili ya kulinganisha, kisha urudi mtaani kwako.

Kuwalinda waliokujibu

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu asili ya rangi na ya kabila kuwa miongoni mwa taarifa nyeti za mtu, kwa hiyo ridhaa ya anayejibu si hisani. Mweleze unakusanya nini, kwa kazi gani, na kwamba aweza kukataa swali lolote. Majina usiyaandike katika hojaji. Orodha inayounganisha nambari ya kaya na mlango wake ifungie mahali pengine, na uichome kazi ikiisha.

Hofu ya watu ina chanzo chake. Mwezi Agosti 1997 watu wa bara walishambuliwa Likoni, wakauawa na kufukuzwa majumbani, na yuko aliyekuwa mtoto wakati huo ambaye leo ni mzazi wa kaya utakayoibisha. Wengine, wenye majina ya Kiarabu, ya Kisomali au ya Kihindi, wamewahi kutakiwa walete hati za babu zao walipoomba kitambulisho. Mtu akikujibu "andika Mkenya", andika "Mkenya", na ulipe jibu hilo fungu lake.

Fungu lolote lenye watu wasiotimia watano liunganishe na jingine kabla ya kuchapisha, kwani katika mtaa wa vichochoro kumi kila mtu anajua nyumba ya Wagoa ni ipi. Wala usimpe mtu yeyote karatasi za awali, hasa ukikaribia uchaguzi. Atakuja mtu mwenye tabasamu akitaka kujua "watu wetu" ni wangapi katika wadi ya Mji wa Kale/Makadara. Mpe jedwali la mwisho, lile lile analopewa kila mtu.

Kusoma matokeo barazani

Kabla hujaliita jedwali lako limekamilika, lipeleke barazani mbele ya waliokujibu, ulisome kwa sauti, ungoje. Watakuuliza mambo ambayo msimamizi wa chuo hangeyauliza. Safari moja mzee alinisikiliza hadi mwisho, akashusha kikombe cha kahawa, akauliza Wabarawa wako wapi, kwa sababu yeye ni mmoja wao na anawajua wengine saba kati ya hapo na msikiti. Nikafungua daftari kwenye safu ya majibu ya asili, ile isiyoguswa, na kweli walikuwamo: watu wanane, ambao usiku wa kupanga mafungu nilikuwa nimewatia katika Wasomali kwa sababu ya mji walikotoka. Nikalifuta fungu pale pale kwa kalamu, nikaandika jipya, na mzee akaniagizia kahawa.